Barua kwa mwanangu: kabla hujamlipa kocha wa maisha

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusikiliza, na lile tangazo ulilonitumia la kocha wa maisha, mtu anayelipwa akusaidie kufikia uamuzi wako mwenyewe, nimelisoma lote. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana kwenye simu tutaishia kubishana kuhusu pesa, na pesa siyo inayonisumbua zaidi.

Najua mashangazi zako wangesema nini: mtu ana mama, ana ndugu, alifundwa na somo wake, leo amlipe mgeni laki nne kwa mwezi ili azungumze naye? Mimi sisemi hivyo. Somo wako alifanya kazi yake vizuri na namheshimu mpaka leo. Lakini yeye alikuwa anakupitisha njia ambayo kila mwanamke wa mtaani kwetu alishaipita: unyumba, kuishi na wakwe, kujitunza. Majibu alikuwa nayo kabla hujauliza. Hili ulilonalo sasa, la kubaki kwenye kampuni ya bima, kurudi chuo, au kutoa akiba ukafungue duka la vitambaa, hakuna aliyelipita kabla yako katika ukoo wetu.

Tena sisi tunaokupenda hatukufai sana kwa jambo hili. Mimi nikikuuliza unataka nini, ndani ya swali mna jibu langu tayari. Nataka ubaki kwenye ajira yenye pensheni na kadi ya matibabu, kwa sababu wodini nimewaona wengi walioshindwa kununua dawa. Shangazi yako mkubwa akikuuliza, anataka uolewe. Bosi wako akikuuliza, anataka usiondoke. Kila mmoja wetu ana lake. Mtu asiye na lake anaweza kukusikiliza kwa namna ambayo sisi hatuiwezi, na kwa hilo naona kazi hii ina maana.

Nimesoma kidogo ilikoanzia. Miaka ya 1970 huko California, mwalimu wa tenisi aitwaye Timothy Gallwey aliona wanafunzi wake wanacheza vizuri zaidi akiacha kuwaamrisha mkono uende hivi na mguu uende vile, akawaambia tu wautazame mpira unavyodunda. John Whitmore, Mwingereza aliyewahi kuendesha magari ya mashindano, akaichukua fikra hiyo akaiingiza maofisini. Yeye ndiye aliyeyaeneza maswali manne wanayoyatumia makocha wengi mpaka leo: unataka nini, sasa hivi uko wapi, una njia zipi, utafanya nini na lini. Yaangalie vizuri, mama. Yote ni maswali. Hakuna mahali ambapo kocha anakupa jibu.

Sasa, kati ya makocha wawili uliozungumza nao, mtazame huyu wa kwanza, mwenye wafuasi wengi. Unasema katika mazungumzo yale ya bure, kabla hata hajajua unafanya kazi gani hasa, alishakwambia una nyota ya biashara, ajira inakuua, na programu yake ya miezi mitatu ndiyo itakayokutoa. Huyo naye ana lake, kama sisi. Tofauti yake na sisi ni kwamba hakujui. Kama ni mtu wa kukwambia la kufanya, mbona unao wengi, na sisi angalau tutakuwepo siku mambo yakiharibika.

Halafu anataka milioni moja na laki mbili zote kwa mpigo, na bei inapanda Ijumaa. Uamuzi wa maisha yako unapangiwaje Ijumaa na mtu anayeupokea huo mshahara wako? Na wale wanawake wanaolia kwenye video zake ni wateja wake. Labda waliridhia. Lakini mtu anayekuja kwako amechanganyikiwa, ukamwomba ruhusa ya kumrekodi, atapata wapi nguvu ya kukataa? Hilo limeniudhi kuliko bei.

Uliniuliza pia kama amesajiliwa. Mimi nilikaa chuoni miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kushika zamu, na leseni yangu ilitoka Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mgonjwa akiona nimemkosea, alikuwa na pa kunishtaki. Kocha wa maisha hapa kwetu hahitaji leseni. Akijiita hivyo, basi amekuwa. Kuna shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa mwaka 1995 na Thomas Leonard, Mmarekani aliyekuwa mshauri wa mambo ya fedha. Linatoa vyeti vya ngazi tatu. Cha chini, ACC, kinadai angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kukaa na wateja. Cha kati, PCC, saa 125 na saa 500. Cha juu, MCC, saa 200 na saa 2,500. Saa 60 ni wiki moja na nusu ya ofisini kwako, kwa hiyo usilitetemekee neno cheti. Ila mwenye nacho unaweza kuhakikisha jina lake kwenye tovuti yao. Cheti cha kuhudhuria semina hotelini ni kitu kingine kabisa.

Niende kwenye lililonifanya nichukue kalamu. Katikati ya ujumbe wako ulisema, kama unapita tu, kwamba siku hizi unaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi. Ukasema chakula hakina ladha. Ukasema hata taarabu huwashi tena nyumbani kwako. Mwanangu, hapo sikukusikiliza kama mama tu. Mtu anayetaka kubadilisha kazi anachoka, ananung'unika, lakini Jumapili akienda Kigamboni na wenzake anacheka. Mtu ambaye vitu vyote vimepoteza ladha, kila siku, wiki mbili au zaidi, huyo tunamtazama kwa jicho la sonona, na sonona ni ugonjwa wenye matibabu. Haitibiwi na kocha, hata awe mzuri namna gani. Atakuuliza malengo yako ni yapi, utashindwa kuyafikia kwa sababu mwili hauna nguvu, utajiona mzembe, na utakuwa umelipia.

Kwa hiyo hesabu siku zako kwa ukweli. Zikifika wiki mbili, nenda ukaonane na daktari kwanza. Kliniki ya afya ya akili ipo Muhimbili, na ukiona mbali, anza hospitali iliyo karibu nawe, waeleze haya haya uliyonieleza mimi. Na kama imewahi kukupitia kwamba bora usingekuwepo, usihesabu siku yoyote. Niamshe usiku huo huo.

Kama usingizi unakatika kwa sababu ya mawazo ya huo uamuzi wa kazi tu, na mengine yako sawa, basi nakushauri umrudie yule kocha wa pili, yule mama uliyesema amekuchosha. Alikuuliza, ukibaki ulipo mpaka mwaka kesho utakuwa umekosa nini, ukakosa la kusema, ukatoka umekasirika. Mimi nimelipenda swali hilo. Sijawahi kukuuliza kwa sababu naliogopa jibu lake. Anatoza kwa kikao, unaweza kuacha ukitaka, hajakuahidi kitu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walikusanya tafiti 18 kuhusu makocha, wakaona kweli wanasaidia watu kujipangia malengo na kuyafuata. Nao walikuwa watu wa kazini kama wewe.

Kabla ya kumlipa, mwombe makubaliano kwa maandishi: siri zako anazitunzaje, ukiahirisha kikao inakuwaje, na akiona jambo limemzidi atakupeleka kwa nani. Akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu. Wewe nawe nenda na swali lako moja limeandikwa. "Nataka kujielewa" halitoshi. Litakula vikao vyote. "Niache bima au nisiache kabla ya Desemba" hilo linakaliwa likaisha. Na usikope kwenye simu kwa ajili ya hili, wala usiguse ya kikoba.

Mtakayozungumza huko si lazima niyajue. Nitatamani kuuliza, unanijua, lakini ukiniambia "mama, hilo ni la kikaoni" nitanyamaza. Hata ukiamua duka la vitambaa. La usingizi tu ndilo ninalodai jibu, na sitaki liwe la ujumbe. Nipigie leo baada ya Isha.

Mama yako,
Tanga