Waliokufa nje ya National Theatre watajwe kwa majina

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niseme jambo kuhusu Kenya National Theatre, ile iko Harry Thuku Road ukivuka tu barabara kutoka hoteli ya Norfolk. Ila nitaanzia mbali kidogo, London, maana huko ndiko hii maneno ilinishika.

Mwaka jana nilienda kumtembelea dadangu, ni muuguzi huko, na siku yake ya ofu akanipeleka Theatre Royal Drury Lane, na hatukuenda kutazama mchezo, tulienda tu kuzungushwa, yaani watu wanakata tikiti kuoneshwa viti na ngazi na vile vichochoro vya nyuma ya jukwaa. Mwanzo niliona ni pesa inapotea. Lakini ule ukumbi una mambo. Wa kwanza ulifunguliwa 1663 ukaungua 1672, wakajenga mwingine, huo wakaubomoa wakajenga mkubwa zaidi ukafunguliwa 1794, nao ukateketea 1809, na huu uliosimama sasa ni wa nne, wa 1812. Halafu wanasema una mizimu, na hawafichi.

Anayejulikana zaidi wanamwita mtu wa kijivu. Amevaa joho refu la kijivu, nywele za bandia zilizopakwa poda na kofia ya pembe tatu, na haji usiku kama majini yetu, anakuja mchana watu wakiwa wanafanya mazoezi ama kuna onyesho la alasiri, anapita nyuma ya viti vya juu polepole halafu anaingia ukutani. Waigizaji wakisikia ameonekana wanafurahi, wanasema huo mchezo utapendwa sana. Eti mafundi waliwahi kuvunja ukuta huko wakakuta mifupa ya mtu na kisu kwenye mbavu, hiyo ni hadithi yao, sijui kama kuna wa kuithibitisha. Tulipofika hapo juu aliyetutembeza akanyamaza kidogo akaelekeza mkono tu kwenye ule ukuta, na dadangu, ambaye ni mlokole na hataki kabisa habari za mizimu, nikasikia vidole vyake vimeingia kwa mkono wangu. Sikuona kitu. Lakini nilisimama pale nikimfikiria huyo mtu, alikuwa nani, nani alimuua, mamake alijua?

Na jina lake hawalijui. Hilo ndilo nilirudi nalo Nairobi.

Kwa sababu mwezi wa tatu mwaka huu nilimpeleka mtoto wa kakangu, yuko fomu tatu, National Theatre kuona mchezo wa setibuku, tukafika mapema sana jam ikiwa haijaanza, tukakaa nje kwa ngazi. Akaniuliza, shangazi, ni kweli hapa kuna mashetani? Shuleni waliambiana kuna nyayo zinasikika jukwaani taa zikizimwa. Nikamwambia nyayo mimi sijawahi kuzisikia lakini watu waliokufa hapa wapo, tena majina tunayo. Akanigeukia mzima mzima.

Nikamwonesha ile baraza ya Norfolk ng'ambo. Nikamwambia tarehe 16 Machi 1922 watu walijaa hapa kutaka Harry Thuku aachiliwe, yule kiongozi aliyewatetea Waafrika mbele ya serikali ya mkoloni, alikuwa ameshikwa siku mbili kabla, amefungiwa kituo cha polisi kilichokuwa hapa karibu, kosa lake kupinga kipande, ile kitambulisho ya lazima ya Waafrika, na kodi na mishahara kukatwa. Wanaume wakaenda kuongea na wakubwa wakarudi wakiambia watu watawanyike. Hapo ndipo mama mmoja kwa umati, Muthoni Nyanjiru, akasimama, akainua nguo yake mbele ya watu wote, akawaambia wanaume wachukue nguo yake wampe suruali zao, na kwa Wakikuyu mama akikufanyia hivyo hakuna tusi limebaki. Kina mama wakapiga ngemi, umati ukasonga kwa geti la kituo, polisi wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa wamekaa pale barazani nao inasemekana wakapiga risasi kutoka huko huko. Muthoni alikuwa kati ya wa kwanza kuanguka. Serikali ilihesabu maiti 21, wenyeji wakasema ni wengi kuliko hao. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu.

Yule mtoto hakusema kitu muda mrefu, alikuwa anaangalia lami. Halafu akauliza, kwani ni hapa tumekanyaga?

Miaka thelathini baadaye, Novemba 1952, ndiyo ukumbi ukafunguliwa hapo, akaja mwigizaji wa Uingereza Ralph Richardson kuufungua, wiki mbili na siku kidogo tu baada ya mkoloni kutangaza hali ya hatari kupambana na Mau Mau, watu wanabebwa na malori kupelekwa kambini na hapa pazia linafunguliwa. Na mwaka 1976 jukwaa hilo hilo likachezewa mchezo wa kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau aliyenyongwa na mkoloni gereza la Kamiti 1957 na akazikwa mahali ambapo familia yake haikuoneshwa. Mjane wake Mukami alifariki 2023 bado anaomba mifupa ya mumewe. Kimathi hana kaburi la kuwekewa maua lakini kwa siku chache aliongea tena akiwa kwa hilo jukwaa, mimi nikifikiria hiyo huwa nasisimka mwili.

Sasa mhariri, ombi langu kwa wanaosimamia ukumbi ni hili. Ulikarabatiwa vizuri ukafunguliwa tena 2015, viti ni vizuri, tunashukuru. Tuwekeeni jioni moja kwa mwezi ya kutembeza watu, mwanzo ni nje barabarani, asimulie mtu anayeijua hiyo habari, ndio tuingie ndani tuoneshwe jukwaa na nyuma ya pazia, wanafunzi walipe kidogo, sisi wengine tulipe zaidi, mimi hata elfu moja nitatoa. Na kila tarehe 16 Machi, kabla ya mchezo wowote kuanza, taa zizimwe ibaki moja tu katikati ya jukwaa, kama ile wanayoacha usiku kucha kwa kumbi za Marekani na kuiita taa ya mzimu, halafu mtu asome jina la Muthoni Nyanjiru na ya wenzake yale yanayojulikana. Dakika tano zinatosha. Huyo mtoto wa kakangu ameshasema siku hiyo ikipangwa yeye ndiye atasoma.

Msomaji wako,
Umoja, Nairobi