Vyuo viache kugawa nywila moja kwa darasa zima

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze na wakuu wa vyuo vya huku kusini, na wazazi wenye vijana wanaosoma humo. Mimi ni fundi wa kompyuta katika chuo kimoja hapa Masasi, mkoani Mtwara. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni akaunti za wanafunzi: kuzifungua wanapoanza masomo, kuzikwamua zinapogoma na kuzifunga wanapohitimu.

Utaratibu niliokuta kazini, na ambao mafundi wenzangu wananiambia upo kwao pia, ni kumpa mwanafunzi namba ya usajili iwe jina lake la kuingilia, kisha nywila ya kuanzia ikawa tarehe yake ya kuzaliwa, au neno moja kwa darasa zima. Namba ya usajili inabandikwa ubaoni pamoja na matokeo. Tarehe ya kuzaliwa wanaijua wote anaolala nao bwenini. Asiyebadili nywila siku hiyohiyo, akaunti yake ni ya kila mtu.

Muhula uliopita alikuja binti wa mwaka wa kwanza, simu mkononi, machozi yanamlengalenga. "Shikamoo, mwalimu. Masomo yangu mawili hayapo." Nikafungua kumbukumbu za seva. Jina lake lilikuwa limeingia saa mbili usiku kwenye kompyuta ya maabara, na masomo mawili yakafutwa kwenye usajili wake. Usiku huo yeye alikuwa Newala, kwenye msiba wa babu yake. Nywila ya kuanzia alikuwa hajaibadili kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba inabadilishwa. Masomo tuliyarudisha, maana dirisha la usajili lilikuwa bado wazi. Lingekuwa limefungwa, binti yule angefika chumba cha mtihani na jina lake halimo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Chuo kinakusanya. Matokeo, ada, namba za simu za wazazi, vyote vipo nyuma ya nywila hiyo.

Kuna hili la kubadilisha nywila kwa kupigiwa simu. Mtu anapiga, anataja namba ya usajili, anabadilishiwa papo hapo. Kamwe isiwe hivyo. Aliyepo chuoni aje na kitambulisho. Aliyeko kwenye mafunzo kwa vitendo, tuseme Liwale au Nanyumbu, fundi akate simu kisha ampigie yeye kwa namba iliyo kwenye faili lake. Namba hizo nazo zihakikiwe kila mwaka, kwa kuwa laini iliyoachwa muda mrefu huuzwa kwa mtu mwingine.

Linaloniumiza zaidi ni mwanafunzi kuitwa mzembe kabla shida yake haijachunguzwa. Yupo anayebadilishiwa nywila asubuhi, saa nne akaunti imefungwa tena, mchana vilevile. Anafokewa kwamba anasahau. Mara nyingi si yeye, ni simu yake. Nywila ya zamani imebaki kwenye mipangilio ya waifai ya chuo, na simu iliyo mfukoni inajaribu kuingia yenyewe, inakataliwa, inajaribu tena, mpaka seva inafunga akaunti ikidhani ni mwizi. Dawa ni kuiambia simu iusahau mtandao ule, kisha aunganishe upya kwa nywila mpya. Ni suala la dakika mbili, lakini fundi lazima aombe kuiona simu.

Au anakataliwa kwenye kompyuta moja tu, ya jirani inamkubali. Hapo naangalia saa kwanza. Betri ndogo ya ndani, ile CR2032, ikifa, umeme ukikatika kompyuta inarudi miaka kadhaa nyuma. Kwenye mtandao unaotumia Kerberos, yaani mfumo wa kuhakiki anayeingia ambao hulinganisha pia saa za kompyuta, tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya kompyuta na seva kwa kawaida inatosha mtu kukataliwa, hata kama nywila yake ni sahihi kabisa.

Wapo viongozi ambao wakisikia habari za wizi wanaamuru kila mtu abadili nywila kila mwezi. Nawasihi wasifanye hivyo. Mwanafunzi ataandika Masasi1, mwezi ujao Masasi2. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 ilishauri mtu asilazimishwe kubadili nywila kwa kalenda, bali pale kunapokuwa na dalili kwamba imevuja.

Ninachoomba kinawezekana bila kusubiri bajeti. Kila mwanafunzi mpya apewe nywila yake peke yake, ndani ya bahasha iliyofungwa, na mfumo umlazimishe kuibadili anapoingia mara ya kwanza. Wiki ya usajili na wiki ya mitihani, ofisi ya TEHAMA iwe wazi hadi jioni, na awepo mtu mwenye mamlaka ya kufungua akaunti, si wa kupokea malalamiko tu. Vyuo vya Mtwara na Lindi vianze na wanafunzi watakaopokelewa mwaka huu wa masomo.

Fundi wa kompyuta,
Masasi, Mtwara