Maji ya Lenzi Si Maji

Mteja akija dukani kwetu kuchukua chupa nyingine ya dawa ya kusafishia lenzi za kuvaa jichoni, mara nyingi husema, "Nipe yale maji ya lenzi." Nasi wenyewe tunasema hivyo hivyo, hatujitoi. Ila jina hilo linaponza watu. Kitu kikishaitwa maji, siku chupa inapokauka usiku mtu haoni ubaya wa kufungua bomba na kujaza kikasha, ili lenzi zilale zimelowa mpaka asubuhi.

Lenzi laini ni plastiki inayokunywa maji. Za kwanza kufaa zilitengenezwa na mkemia wa Kicheki, Otto Wichterle, mwishoni mwa 1961, kwa kimashine alichokiunda nyumbani kwake kutokana na vyuma vya kuchezea watoto. Mwaka 1971 zikaanza kuuzwa Marekani. Maji ndiyo yanayozifanya ziwe laini: katika lenzi nyingi za hidrojeli, yaani plastiki hiyo inayokunywa maji, asilimia 38 au zaidi ya uzito wote ni maji. Iache moja mezani usiku kucha, asubuhi utakuta kigamba kigumu kinachokatika ukikigusa.

Sasa itie lenzi hiyo kwenye maji ya bomba. Kwanza maji hayo hayana chumvi kama machozi, kwa hiyo lenzi hubadilika umbo na inaweza kung'ang'ania jicho. Hilo ni dogo. Kubwa ni amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, iitwayo Acanthamoeba, ambayo huishi kwenye maji ya bomba, visima, mabwawa ya kuogelea na hata udongo. Ukiimeza kwenye maji ya kunywa kwa kawaida haikusumbui. Ikinaswa kwenye lenzi na kushinikizwa juu ya konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, hasa penye mkwaruzo mdogo, hiyo ni habari nyingine. Hujifungia ndani ya ganda ambalo dawa hulipenya kwa shida, na matibabu yake huenda miezi mingi. Wapo wanaopoteza uwezo wa kuona.

Kuna wanaotuuliza kuhusu maji yaliyochemshwa na kutiwa chumvi. Hapana. Miaka ya 1980 huko Marekani, wengi waliopatwa na amiba hii walikuwa wakijitengenezea maji ya chumvi nyumbani. Na mate, kwa wale wanaolamba lenzi iliyodondoka kisha kuirudisha jichoni: tafadhali.

Kwenye rafu zetu kuna chupa za aina tatu, na zinafanana mno kwa mtu asiyesoma maandishi. Ya kwanza ni dawa ya kazi zote: inasafisha, inaua vijidudu na inahifadhi. Hata kama chupa imeandikwa kwamba huhitaji kusugua, sugua. Weka lenzi kiganjani, isugue taratibu kwa ncha ya kidole, isuuze kwa dawa hiyo hiyo, ndipo uilaze. Kusugua huondoa utando ambao vijidudu hujificha ndani yake.

Ya pili ni peroksidi ya haidrojeni ya asilimia 3. Binafsi ndiyo ninayowapa watu wenye macho yanayowashwa na dawa za kawaida, kwa sababu ikishamaliza kazi haiachi kemikali ya kuhifadhia. Lakini ina masharti. Lazima itumiwe na kikasha chake, chenye kipande cha madini ya platini kinachoigeuza kuwa maji na oksijeni, na uisubiri angalau saa 6. Ukiitia jichoni kabla ya hapo utaungua vibaya. Kifuniko chake hakikupakwa rangi nyekundu kwa urembo.

Ya tatu ni maji ya chumvi yaliyotakaswa kiwandani. Haya husuuza tu, hayaui kitu.

Kosa tunaloliona zaidi hata kuliko bomba ni kuongezea. Mtu anafungua kikasha, anakuta dawa ya jana ipo nusu, anajazia kidogo juu. Dawa ya jana imeshachoka, na ukiichanganya na mpya unaipunguza nguvu ile mpya. Mwaka 2006 na 2007 dawa mbili ziliondolewa sokoni, moja ikihusishwa na fangasi wa Fusarium na nyingine na Acanthamoeba. Wachunguzi wa mkasa wa pili walikuta kwamba hata tabia hii ya kuongezea ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaweka watu hatarini. Mwaga yote, suuza kikasha kwa dawa mpya, kifudikize kikauke, na baada ya miezi mitatu kitupe.

Ndiyo maana tukimpimia mtu lenzi tunamuuliza kwanza ratiba yake. Lenzi ya siku moja huvaliwa na kutupwa, haijui chupa wala kikasha. Kwa anayevaa mara chache kwa wiki hatupendekezi nyingine. Ya mwezi huhesabiwa tangu siku ulipofungua pakiti, hata kama uliivaa mara nne tu. Nyingi siku hizi ni za silikoni hidrojeli, yaani hidrojeli iliyochanganywa na silikoni, zilizoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990, nazo hupitisha hewa vizuri zaidi. Konea haina mishipa ya damu, hivyo huvuta oksijeni moja kwa moja kutoka hewani. Lenzi za astigmatizimu (jicho lisilo na mviringo sawasawa, linaloona kwa ukungu), za kusoma karibu baada ya miaka 40, na za rangi, zote zipo katika muundo laini. Ya rangi nayo inahitaji kipimo, na haiazimwi.

Ila hewa kupita vizuri si ruhusa ya kulala nazo. Kulala na lenzi huongeza hatari ya maambukizi ya konea mara 6 hadi 8.

Macho yakikauka jioni, huenda ni aina ya lenzi au ni kutopepesa mbele ya skrini. Yakiwasha zaidi pale unapovua, na lenzi ikawa inateleza huku na huku, huenda vipele vimeota ndani ya kope la juu kwa sababu ya uchafu ulioganda kwenye lenzi. Hapo tunasimamisha lenzi kwa muda, kisha mara nyingi tunarudi na za siku moja.

Lakini jicho jekundu lenye maumivu, linalokimbia mwanga, lenye ukungu au doa jeupe, usilisubirishe hata usiku mmoja. Vua lenzi, nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Lenzi usizitupe: ziache ndani ya kikasha, chukua na chupa, upeleke vyote. Maabara inaweza kuotesha kilichomo humo na kumwambia daktari anapambana na nini.