Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kanisa letu na kinanda chake

Ndugu wanachama, salamu kwenu wote. Najua wengi mnasubiri mambo ya hela, hayo mhazini atawasomea mwenyewe, mimi naanza na kinanda maana ndo kimekula mwaka wetu mzima.

Mkutano uliopita wengine walisema tununue kinanda cha umeme yaishe, unachomeka unapiga. Kamati ikaona kabla ya kuamua tulete fundi akifungue hiki chetu cha mabomba, kile kinacholia kwa upepo unaopita kwenye mabomba, tujue kinaumwa nini. Jamani. Kwenye ubao wa nyuma, pale walipokuwa wanakaa vijana wa kuvuta mivukuto ya kusukuma upepo kabla ya feni ya umeme, majina yamejaa, mengine ya penseli mengine yamechongwa kwa kisu, na pembeni kuna vistari vingi vimepangwa, fundi anahisi mtu alikuwa anahesabu mahubiri yalivyokuwa marefu, nami namwamini. Vitabu vya kanisa vinataja wachungaji wote mpaka aliyekaa miezi michache, ila hao vijana hakuna hata mmoja, na bila wao hakuna wimbo ungepigwa! Kwahiyo tumepiga picha kila ubao, na ndo mwanzo wa ile historia ya kanisa tuliyoahidi.

Ugonjwa wenyewe si mkubwa. Ngozi ya mivukuto imekauka ikapasuka, upepo unavuja. Ile sauti iliyokuwa inalia yenyewe katikati ya sala ni vali moja, kile kifuniko cha kuzuia upepo, chini ya bomba, vumbi limeizuia isifunge. Mabomba yenyewe, ya bati na risasi na yale ya mbao, ni mazima. Fundi mwingine alitaka tuyabadilishe yote yang'ae, tukamkatalia, bomba la zamani ukishalitupa sauti yake huipati tena.

Kwa wanaosema vitu hivi vimepitwa na wakati, kale kakijiji ka Rysum huko Ujerumani kana kinanda cha karne ya 15 na bado kinapigwa, inasimuliwa wanakijiji walikilipia kwa ng'ombe wanono. Tena asili ya kinanda cha mabomba wala si kanisani, mvumbuzi Mgiriki Ktesibios wa Aleksandria, Misri, alitengeneza cha kwanza karne ya 3 KK akitumia maji kutuliza upepo, na mwaka 757 mfalme wa Bizanti, yaani Roma ya Mashariki, bado alikuwa anampelekea kimoja Pepin, mfalme wa Wafranki, kama zawadi ya ikulu.

Tulichoamua: ngozi kwanza, vali zisafishwe, halafu ndo kutyuni, yaani kurekebisha sauti za mabomba. Tafadhali milango isiachwe wazi siku ya kutyuni, joto likibadilika sauti za mabomba nazo zinahama na kazi inaanza upya.

Mwenye picha za zamani za ndani ya kanisa, hata kama ni za harusi na kinanda kinaonekana kona tu, amletee katibu, zitapigwa kopi na kurudishwa. Na ambao hamjalipa ada mnajijua.