Shukrani kwa dada wa mafunzo aliyepitia Kisumu

Dada uliyelala hotelini kwetu ukielekea Busia, hukutaka jina lako litajwe, basi sitalitaja. Lakini watu wajue ulichofanya.

Wageni walikuwa wakilalamika kila siku: oda zinachelewa, nyingine zinachanganywa. Bosi alishaamua vijana wapya wafutwe. Wewe, ambaye kazi yako ni kusimamia mafunzo ya wafanyakazi huko Nakuru, uliomba kwanza ukae jikoni asubuhi moja, uangalie tu. Ukaona karatasi za oda zikichomekwa kwenye msumari mmoja, za chai na za samaki pamoja, iliyoingia mwisho ikiwa juu. Mteja wa kwanza angehudumiwa saa ngapi? Kisha ukamwita kila kijana kando, ukamuuliza ni nani alimwonyesha kazi. Hakuna!

Hukutoa hotuba (tumezikinai). Ulimchukua mhudumu wetu mkongwe, ukamfundisha kufundisha: onyesha, mwache afanye, kisha akueleze kwa nini amefanya hivyo. Ukamwachia bosi mambo ya kukagua baada ya mwezi, maana semina isiyofuatiliwa, ulisema, ni chai na mandazi tu. Ukamkumbusha pia kwamba mwajiri anayelipa ada ya NITA (mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani), shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, anaweza kuomba kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa mapema.

Pesa ulikataa, ngege wa kukaanga hukumkataa. Wenye ujuzi huo, msizipite biashara ndogo. Vijana wote wapo kazini, dada. Bosi anakusalimu.