Nyasi zako zimelala chini? Funga bomba kwanza

Mteja mmoja wa upande wa Bofa, hapa Kilifi, alitufuata kitaluni na simu mkononi. Kwenye picha, mashina thelathini ya nyasi za bustani tulizomuuzia yalikuwa yamelala kila moja upande wake: majani marefu, kijani kibichi, masuke hamna. "Mmeniuzia miche mibovu," akasema. Tukamuuliza anamwagilia mara ngapi. Kila jioni. Na samadi? Gari mbili, maana aliambiwa mchanga wa Kilifi hauna kitu.

Hauna kitu, kweli, na nyasi hizi zinautaka hivyo hivyo. Ni Cenchrus ciliaris, zile zenye suke la manyoya kama mkia wa mnyama mdogo, rangi kati ya krimu na zambarau. Wakamba huziita ndata kivumbu, na wakulima wa Kitui na Makueni huzipanda kwa malisho. Ni za kwetu, zimezoea ukame. Mizizi yake hushuka zaidi ya mita moja kutafuta unyevu, lakini ukizipa maji ya juu juu kila siku zitashuka kufuata nini? Samadi nayo huzifanya zitoe majani mengi laini, na Kusi ikivuma haziwezi kujibeba.

Wengi huja kwetu baada ya kuchoshwa na nyasi za Kikuyu. Hizo pia ni za Afrika Mashariki, na wataalamu siku hizi wanaziweka katika jenasi (kundi la mimea ya karibu) hiyo hiyo ya Cenchrus. Ila kwao ni nyanda za juu, kwenye baridi na mvua. Ukizileta kwenye mchanga wa Pwani unajitafutia bili ya maji. Kwa hiyo ukiambiwa nyasi fulani ni za asili, uliza asili ya wapi.

Na sisi tumewahi kukosea. Tulikuwa tukiotesha miche kwenye viriba vya mboji tupu, inanawiri, mteja anaipenda akiiona tu. Ikifika mchangani, lile donge la mboji likikauka linasinyaa, na maji unayomwaga yanapita pembeni yake mpaka chini. Mche unakufa kwa kiu huku mchanga umelowa! Ilituchukua muda kuelewa. Sasa tunatumia mchanga wa hapa hapa sehemu tatu, mboji sehemu moja. Miche yetu inaonekana midogo, tena haina mvuto, usitushangae.

Panda masika yakishashika, Aprili kuingia Mei, mchanga ukiwa umelowa chini na si juu tu. Acha kama nusu mita kati ya shina na shina. Shindilia pembeni kwa mguu ili mchanga ushikane na donge. Mvua ikikatika, mwagilia kila baada ya siku mbili kwa wiki tatu hivi, maji ya kutosha kwa mara moja, usinyunyize. Kisha mara moja kwa wiki hadi itimie miezi miwili tangu upande, halafu uache. Kaskazi ya Januari itazikausha, zitageuka rangi ya majani makavu, na hapo ndipo watu hukimbilia mpira wa maji. Hazijafa. Mvua ikianza zinachipua tena kutoka shinani. Kabla ya masika zikate zibaki kimo cha kiganja, mundu unatosha.

Ukitaka kuotesha kwa mbegu, usitumie za wiki iliyopita. Mbegu mpya huwa zimelala. Ziweke kwenye gunia mahali pakavu miezi kadhaa, hata mwaka, ndipo zitaota vizuri. Manyoya yake huzifanya zipeperuke, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kutawanya, na ufunike sentimita moja tu. Kwa wasio na subira kama sisi, gawanya shina kubwa kwa jembe wakati wa mvua, upande vipande.

Kuna mahali tutakukatalia. Nyumba ya makuti: nyasi kavu ni kuni, na hatutaki ziwe hatua mbili kutoka kwenye paa lako. Huko Australia na jangwa la Arizona, Marekani, zilipelekwa kwa malisho, zikasambaa na sasa zinachochea moto mkali kuliko mimea ya huko ilivyozoea. Kwa hiyo usimfungie mbegu ndugu yako aliye ughaibuni. Na kama kiwanja chako kinapigwa na maji ya bahari moja kwa moja, zipo nyingine, Sporobolus virginicus, zinazotambaa zenyewe ufukweni. Hizo ndizo za pale.

Kabla ya kuuza tunakuja kuona kiwanja, au tutumie picha ya mchanga ukiwa mkavu na ukiwa umetoka kunyeshewa.

Yule mteja wa Bofa alizikata zote, akafunga bomba, akaondoa samadi aliyoweza kuizoa. Masuke yametoka. Sasa analalamikia mbuzi wa jirani, ambao wamezigundua kabla ya wageni wake, na kwa hilo sisi hatuna dawa ila uzio.