Shukrani kwa kaka wa getini, Matema

Kaka uliyekuwa getini Ijumaa usiku kwenye kambi ya tamasha letu ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mwenye koti la mvua la njano, jina lako sikulipata. Noah yetu ilijaa mahema, masufuria na bibi mwenye magoti mabovu. Ukaturuhusu tumshushe bibi na mizigo hadi hemani, kisha gari lirudi juu penye ardhi ngumu. Wengine walinuna kukatazwa kuacha magari mchangani. Asubuhi Coaster iliyojipenyeza ilikuwa imezama mchangani hadi ekseli, na abiria wake ndio wasukumaji! Ile njia uliyogoma izibwe na magari ndiyo iliyompitisha mtoto aliyebanwa na pumu saa nane usiku. Anaendelea vizuri. Mama yake anakutafuta, ana mkungu wako wa ndizi. Ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa), kaka.